Kuhamisha deni la Bodi ya Mikopo kwenda benki au kwenye kadi, inawezekana? Nipo Mtwara

binti_mikindani

Shikamooni wakubwa humu, wa rika langu mambo vipi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nafundisha Tandahimba ila kwetu ni Mikindani, naomba mawazo yenu kwenye hili jambo la madeni maana kila ninayemuuliza ananiambia lake na mimi nataka niamue kabla mshahara wa mwezi huu haujaingia.

Chuo nilisoma kwa mkopo wa Bodi, nikaajiriwa, makato yakaanza kama kawaida. Mshahara wangu wa msingi ni laki nane, Bodi wanakata laki na ishirini kila mwezi, juzi nimeangalia salio nimebakiwa na milioni saba na laki mbili. Hilo la kwanza. La pili, mwaka jana mama aliumwa sana, hela ikatuishia katikati ya matibabu, ikabidi nichukue laki sita kwa mtu anayekopesha huku mtaani, hizi wanazoita kausha damu, riba asilimia 20 kwa mwezi. Mama nashukuru Mungu amepona kabisa, ila lile deni mpaka leo liko palepale laki sita, kila mwezi nampa laki na ishirini ya riba tu, na kadi yangu ya ATM anakaa nayo yeye.

Sasa wiki iliyopita alikuja ofisa wa benki shuleni kwetu, anasema nichukue mkopo wa mshahara nilipe Bodi yote kwa mkupuo, makato ya Bodi yafutike kwenye slipu nibaki na deni moja tu la benki, tena kwa kuwa sina mkopo mwingine wa benki naweza kupata hata milioni kumi. Na huku mtoto wa mama mdogo yuko Marekani kanitumia video ya YouTube, dada mmoja anaeleza alivyolihamisha deni lake la chuo akaliweka kwenye kadi ya krediti yenye riba sifuri kwa mwaka mmoja na nusu, akalipa kidogokidogo mpaka likaisha bila riba. Kadi yangu na mimi imeandikwa Visa. Je huku kwetu inawezekana? Na kama haiwezekani, hii ya kuchukua benki nilipe Bodi ni sawa au naenda kujifunga? Msinifiche kitu jamani.

mtu_wa_kitama

Mwalimu karibu. La kadi nakujibu haraka, hiyo kadi yako ni ya debiti, inatoa hela yako mwenyewe iliyoko kwenye akaunti, mshahara ukiisha nayo imeisha. Visa ni njia tu inayopitisha hela. Kadi za krediti zipo kwa baadhi ya benki zetu ila wenye nazo ni wachache, na hata ukiipata, ukishatumia unadaiwa na riba juu, hiyo ofa ya riba sifuri kwenye deni la chuo usiitegemee. La benki na Bodi waachie wanaojua hesabu.

mmwera_ughaibuni

Dada wa Mikindani pole sana kwa yaliyokupata na hongera mama kupona. Mimi kwetu Nachingwea ila naishi na kufanya kazi Marekani, hiyo biashara ya kuhamisha deni kwenye kadi naijua vizuri ngoja nieleze inavyokwenda maana kwenye video huwa wanaonyesha upande mmoja tu.

Huku kadi ya krediti benki inakupa kikomo, tuseme dola elfu tano, unatumia hela yao kisha unarudisha. Sasa benki zinagombania wateja, kwa hiyo benki B inakwambia hamishia kwetu deni unalodaiwa na benki A, sisi tunamlipa yule halafu wewe unadaiwa na sisi, na kwa miezi 12, 15, 18, nyingine mpaka 21, hatukutozi riba kwenye hilo deni. Hapo ndipo watu wanaposhangilia. Lakini kuna ada ya kuhamisha, asilimia 3 mpaka 5, inaongezwa siku hiyohiyo. Yaani ukihamisha dola 4,000 kwa ada ya asilimia 3 unadaiwa 4,120, na kama ofa ni miezi 18 inabidi ulipe kama dola 229 kila mwezi bila kuruka ndio umalize ndani ya muda. Ukibakiza, kilichobaki kinaingia kwenye riba ya kawaida ya kadi, ambayo kwa kadi nyingi huku inazidi asilimia 20 kwa mwaka. Ukichelewa kulipa, benki nyingine zinakufutia ofa hapohapo. Na hiyo kadi yenyewe hupewi mpaka rekodi yako ya kulipa madeni iwe nzuri, na kikomo wanachokupa mara nyingi hakifiki deni lote la chuo.

Sasa njoo kwenye deni la chuo lenyewe. Mikopo mingi ya wanafunzi huku ni ya serikali kuu, na kampuni zinazoikusanyia serikali hazipokei malipo ya moja kwa moja kwa kadi ya krediti. Wanaofanya hivyo wengi ni wenye mikopo ya benki binafsi, au wanapata benki ya kadi inayokubali kuwatumia hela kwenye akaunti halafu wao wenyewe wanakwenda kulipa. Na mwenye mkopo wa serikali akiuhamisha kwenye kadi anatupa haki zake zote, maana mkopo wa serikali una mpango wa kulipa kulingana na kipato, kuna kusimamisha malipo ukikosa kazi, na kuna sheria ya tangu 2007 kwamba ukifanya kazi ya umma ukalipa marejesho 120 yanayotambulika, kilichobaki kinafutwa. Mwalimu wa shule ya serikali kama wewe angekuwa huku angekuwa kwenye kundi hilo hasa! Akilipeleka deni lake kwenye kadi amejifutia msamaha kwa mkono wake mwenyewe. Kwenye kadi hakuna mtu anayekuuliza kama una kazi au huna.

Uingereza nako mikopo mingi ya wanafunzi inakatwa kwenye mshahara kwa asilimia tu ya kinachozidi kiwango fulani, mshahara ukishuka chini ya hapo hukatwi, na baada ya miaka iliyowekwa kilichobaki kinafutwa. Nako ukiligeuza kuwa deni la kadi unakuwa umelibadilisha tabia.

Kwa hiyo yule dada wa kwenye video inawezekana kabisa amefanya vizuri, kama deni lake lilikuwa dogo, la benki binafsi, lenye riba kubwa, na alikuwa na uhakika wa kulimaliza ndani ya ofa. Alitoka kwenye riba ya juu akaenda kwenye riba ya chini. Wewe uangalie hapo tu, kila deni ulilonalo lina riba gani sasa hivi na unapotaka kulipeleka kuna riba gani. Kwa maelezo yako naona unataka kuhamisha lile ambalo si la kuhamisha, ila mimi viwango vya huko nyumbani nawaachia waliopo.

mhasibu_lindi

Nimefanya hesabu za SACCOS, yaani chama cha kuweka na kukopa, ya wafanyakazi huku Lindi kwa muda mrefu, na hiki anachoambiwa mwalimu na ofisa wa benki ndicho wanachoambiwa walimu karibu wote wa Kusini, kwa hiyo naandika kirefu mnivumilie.

Mwalimu, deni la Bodi lilikuwa na ile tozo ya kulinda thamani, asilimia 6 kila mwaka, ndiyo iliyokuwa inawaumiza watu, unakatwa miaka halafu salio halishuki. Mama Samia akaitangaza kufutwa Mei Mosi 2021, na kuanzia Julai 2021 haitozwi tena. Maana yake leo salio lako la milioni 7 na laki 2 halizai. Ukikatwa laki na ishirini linashuka laki na ishirini kamili. Gawanya mwenyewe, 7,200,000 kwa 120,000 unapata miezi 60, miaka mitano, na mshahara ukipanda makato yanapanda maana ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa hiyo linaisha mapema zaidi. Hulipi hata senti ya riba humo.

Sasa tuchukue wazo la benki. Riba ya mikopo ya watumishi siku hizi kwenye benki kubwa inazungukia asilimia 13 kwa mwaka, inayopungua, yaani inatozwa kwenye deni lililobaki tu, kwingine juu ya hapo. Ukikopa hiyo hiyo milioni 7.2 kwa miezi 60 kwa asilimia 13, rejesho ni kama 164,000 kwa mwezi, jumla utarudisha kama milioni 9.8. Yaani unalipa milioni mbili na laki sita za ziada, bado ada ya kushughulikia mkopo na bima havijaingia, ili uondokane na deni ambalo halikuwa na riba. Na kwenye slipu ulikuwa unakatwa laki na ishirini sasa unakatwa laki na sitini na nne. Umepata unafuu gani hapo? Ofisa anakwambia utabaki na deni moja, lakini deni moja la gharama ni baya kuliko mawili ambayo moja wapo ni bure.

Na hayo makato ya Bodi yana kitu ambacho benki haina. Yanafuata mshahara wako. Ukisimamishwa kazi au mkataba ukiisha, hamna mshahara hamna asilimia 15. Bado unadaiwa ndiyo, lakini halizai wakati umekaa nyumbani. La benki linaendelea kuzaa kila mwezi mshahara uwepo usiwepo.

Nije kwenye slipu yenyewe maana hapa ndipo pana siri. Mshahara wa msingi 800,000. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5 ni 40,000. Kodi ya mapato inakuja kama 68,000. NHIF, bima ya afya, asilimia 3, 24,000. Kama uko CWT, chama cha walimu, asilimia 2, 16,000. Bodi 120,000. Jumla 268,000, unabaki na 532,000. Ile sheria ya moja ya tatu inataka unachobaki nacho kisishuke chini ya theluthi ya mshahara wa msingi, kama 267,000, kwa hiyo una nafasi ya kukatwa kama laki mbili na sitini na tano hivi. Ofisa wa benki anaiona hiyo nafasi, ndio maana anakutajia milioni kumi. Yeye anafanya kazi yake simlaumu, ila hiyo nafasi ndiyo akiba yako ya dharura, mama akiumwa tena ndiyo itakayokuokoa, usiimalize kwa kulipa deni lisilo na riba.

Deni la kuhamisha, na la kuhamisha haraka, ni hizo laki sita. Asilimia 20 kwa mwezi! Laki na ishirini kila mwezi ni milioni moja na laki nne na arobaini kwa mwaka na laki sita bado inakusubiri. Sasa angalia, hii laki na ishirini ya kausha damu ni sawasawa na laki na ishirini ya Bodi, kiasi kilekile, ila moja inakupunguzia deni na nyingine haipunguzi kitu. SACCOS yetu sisi tunatoza asilimia moja na nusu kwa mwezi inayopungua. Laki sita kwa miezi 12 rejesho ni kama 55,000, mwisho wa mwaka umerudisha 660,000 na umemaliza. Riba yote ya mwaka mzima haifiki hata riba ya mwezi mmoja ya huyo bwana. Huko ndiko kuhamisha deni kunakofanana na kwa yule dada wa kwenye video.

Uliza shuleni kwenu kama mpo kwenye SACCOS ya walimu na akiba yako imefika ngapi.

chikongola_mtoto

Mhasibu hesabu zako nazikubali lakini ngoja na mimi niseme upande wangu. Deni la Bodi linachosha akili, kila ukishika slipu unaliona, na mtu anayetaka kujenga au kununua kiwanja hiyo asilimia 15 inamzuia kupata mkopo mkubwa wa benki kwa sababu ya hiyo hiyo moja ya tatu. Mimi nililipa Bodi kwa mkupuo, nikaomba barua ya kumaliza deni, nikakaa kwa amani. Sioni kwanini mwalimu akatazwe kabisa.

mhasibu_lindi

Kaka wa Chikongola sijamkataza kulipa kwa mkupuo, swali ni wewe ulilipa kwa hela gani. Kama ulikuwa na hela yako, umeuza korosho au umepata malimbikizo, ukalipa, sawa kabisa. Tofauti ni kukopa kwa asilimia 13 ili ulipe kwenye sifuri. Na hilo la kujenga, ukikopa benki kulipa Bodi rejesho linakuwa kubwa kuliko makato ya Bodi yaliyokuwepo, kwa hiyo nafasi kwenye slipu inapungua, haiongezeki. Anayetaka kujenga ndiye hasa asifanye hivyo.

Na mwalimu ukija siku moja ukamaliza, kwa makato au kwa kulipa mwenyewe, usisubiri makato yaache yenyewe. Andika barua mapema miezi miwili mitatu kabla, ambatanisha slipu, mpelekee mwajiri nakala, maana watu wanakatwa kupita deni halafu wanaanza kufuatilia kurudishiwa. Na omba Bodi taarifa ya deni lako iliyochambuliwa, mkopo wa awali kiasi gani, tozo kiasi gani, ulichokatwa kiasi gani, ulinganishe na slipu zako moja moja. Wapo ambao makato ya miezi fulani hayakuingia kwenye rekodi kabisa.

mama_ruangwa

Nimesoma yote, nimeumia kwenye ile sentensi ya kadi kukaa kwa mkopeshaji. Mwanangu, kabla ya riba kabla ya nini, hiyo kadi irudi mkononi mwako.

Nendeni wiki ya mshahara mkasimame karibu na mashine ya ATM ya mji wowote huku kwetu mwone. Anakuja kijana mmoja na bahasha, ndani kadi zimefungwa kwa mpira, kila kadi ina kipande cha plasta nyuma kimeandikwa jina na namba ya siri kwa kalamu. Anaingiza moja anatoa, anaingiza nyingine anatoa, foleni nyuma yake inalalamika, walimu na manesi wenyewe wamekaa nje kwenye benchi wanasubiri awape kilichobaki. Mtu amesoma, ana digrii, anafundisha watoto wa watu, anapewa mshahara wake na mtu mwingine kwa kuhesabiwa. Hili linanikera sana na sitanyamaza kulisema.

Sasa sikiliza sheria inasemaje. Kuna Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018. Mtu anayekopesha kama biashara lazima awe na leseni. Hao wa daraja la pili, kampuni na watu binafsi wanaokopesha bila kupokea akiba, leseni yao inatoka Benki Kuu, na kikomo cha riba walichowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwenye laki sita hiyo ni elfu ishirini na moja. Wewe unalipa laki na ishirini. Kwa hiyo ama hana leseni au anavunja masharti ya leseni yake, hakuna la tatu. Muulize kwa adabu tu, mzee naomba kuona leseni yako na nakala ya mkataba wetu. Wengi hapo wanaanza kulainika.

Na namba ya siri ya benki kumpa mtu ni kinyume cha masharti uliyosaini ulipofungua akaunti, ikiibiwa hela benki watakwambia ulitoa mwenyewe. Nenda tawini na kitambulisho chako cha NIDA, waambie wazuie kadi ya zamani wakutengenezee mpya. Hiyo ni haki yako, huhitaji ruhusa ya mkopeshaji. Ila usifanye hivyo ukakimbia deni, laki sita ulizichukua kweli na zimemponya mama, zilipe. Mtafute, mwambie nakuletea laki sita yote siku fulani, andika makubaliano ya kumaliza, muwe na shahidi, kama mwenyekiti wa mtaa anaaminika muwekeni. Lipa kwa njia inayoacha alama, simu au benki, usimpe taslimu mkononi peke yenu. Akikataa na kuanza vitisho nenda halmashauri, mweleze ofisa anayeshughulikia huduma ndogo za fedha, wapo na hii ndiyo kazi yao.

Halafu tafadhali usije ukaambiwa na mtu upakue programu ya mkopo kwenye simu ili umlipe huyu. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila kibali, na zile zinazosoma majina ya watu kwenye simu yako na kuwatumia wakwe zako meseji kwamba unadaiwa, aibu yake haielezeki.

newala_mashambani

Naomba niongezee kidogo kwa sisi ambao tumesoma kwa Bodi na hatuna ajira, maana humu naona mnaongelea slipu tu. Mimi nina shahada, nalima korosho na ufuta Newala. Aliyejiajiri hakatwi, anatakiwa apeleke mwenyewe, na kiwango walichoweka ni kuanzia laki moja kwa mwezi au asilimia 10 ya kipato. Sasa mkulima wa korosho hela yake haiji kila mwezi, inakuja Oktoba mpaka Desemba minada ikianza, unapeleka mzigo AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, mzigo unapelekwa ghala kuu, mnada unafanyika, malipo yanaingia benki. Ufuta unakusogeza katikati ya mwaka. Miezi mingine yote unanunua salfa na kulipa vibarua wa palizi.

Nilichofanya ni kulipa kwa misimu. Hela ya korosho ikiingia natengeneza kontrol namba kwenye mfumo wao, nalipa ya miezi kadhaa kwa pamoja, ufuta ukiuzwa nalipa tena. Kwa vile ile asilimia 6 haipo, kulipa laki sita Novemba au kuzigawa miezi sita hakuna tofauti kwenye salio. Kwa hiyo mkulima mwenzangu usiende kukopa Machi kwa mtu wa kangomba ukamuahidi korosho zako kwa bei ya kutupa eti ulipe Bodi. Kangomba ndiyo kausha damu ya shambani, mtu anakupa hela ya kilo moja anakuja kuchukua mbili. Subiri mnada.

Mwalimu kama na nyie nyumbani mna mikorosho, hata michache ya mzee, kaeni kifamilia muone msimu huu inaweza kutoa ngapi kwenye hizo laki sita. Deni lilikuwa la mama, na kaka zako nao wana mama.

binti_mikindani

Asanteni sana jamani, mama wa Ruangwa shikamoo, nimekusoma mara mbili. Nimefuatilia, SACCOS ya walimu ipo, nami ni mwanachama, akiba yangu ni laki tatu na nusu na wanakopesha mara mbili ya akiba kwa hiyo laki saba nafika. Riba yao ni hiyo hiyo moja na nusu. Kaka yangu mkubwa nimemwambia, amesema korosho zikilipwa atatoa laki mbili. Ofisa wa benki nimemwambia asubiri.

Mhasibu naomba uniambie mawili tu. Nichukue laki saba yote wanayoniruhusu au laki sita? Na ile laki na ishirini niliyokuwa nampa yule bwana, nikishalipa SACCOS elfu hamsini na tano inabaki kama elfu sitini na tano, niiongezee Bodi liishe haraka?

mhasibu_lindi

Chukua laki sita, ya saba hujui ya nini. Tena mwambie ofisa mikopo wa SACCOS kama inawezekana hela aipeleke moja kwa moja kwa anayekudai, upate uthibitisho wa malipo, kadi ikupate siku hiyo. Hela ya kaka ikija Novemba peleka SACCOS kupunguza mkopo, uliza kwanza kama wanapokea malipo ya kabla ya muda bila faini, wengi wanapokea na riba inapungua kuanzia hapo.

Hizo elfu sitini na tano usiipe Bodi. Bodi wana chao kila mwezi na hakizai. Weka kwenye akiba yako ya SACCOS, ikikaa mwaka ni kama laki saba na themanini, ukijumlisha na laki tatu na nusu uliyonayo, kwa ile mara mbili yao uwezo wako wa kukopa kwa riba ya asilimia moja na nusu unazidi milioni mbili. Akiumwa mtu nyumbani unaingia ofisini asubuhi, unajaza fomu, unatoka na hela bila kuacha kadi kwa mtu.

Kitu cha mwisho, mkopo wa SACCOS ukianza kukatwa hakikisha kwenye slipu ya mwezi wa kwanza umeonekana kwa kiasi sahihi na idadi sahihi ya miezi. Ukiona wameandika 24 badala ya 12 rudi siku hiyohiyo.